Taa nyekundu ya breki ikiwaka usikimbilie kuongeza mafuta, fuata hatua hizi kwanza

Naandika hii kwa wenzangu wenye hizi gari ndogo za Kijapani, IST, Vitz, Passo, Premio, Fielder, Noah na jamii hiyo, maana ndo zimejaa barabarani kwetu na ndo ninazozijua. Malori na mabasi makubwa yanatumia breki za upepo, hayo yana mambo yake, hapa siyagusi.

Taa ninayoizungumzia ni ile nyekundu, duara lenye alama ya mshangao katikati na vimistari viwili vimejikunja pembeni kama mabano. Gari nyingine imeandikwa BRAKE tu. Wengi wetu ikiwaka tunaingia sheli, tunanunua kichupa cha mafuta ya breki, tunajaza, taa inazimika, safari inaendelea. Na mimi nilifanya hivyo hivyo. Mwezi wa 10 iliwaka nikiwa Dar nikaongezewa mafuta ikazimika, mwezi wa 12 karibu na Krismasi ikawaka tena nikaongeza mwenyewe, nikapakia familia tukaenda Lushoto. Kupanda hakukuwa na shida yoyote. Siku ya kushuka sasa, ile barabara ya kuja Mombo ni kilomita 30 na ushee za kona tupu, huku mlima huku korongo, nikawa kila nikikata kona taa inawaka, nikinyoosha inazimika, na mama yangu amekaa siti ya mbele ananisimulia habari za ukoo hajui chochote kinachoendelea. Nilishuka na gia ndogo taratibu mpaka chini, mikono imelowa jasho. Pale Mombo fundi mmoja mtu mzima akafungua tairi la nyuma kushoto akatoa dramu, ndani kumelowa chapachapa, lainingi, zile zinazosukuma dramu kwa ndani gari isimame, kama zimechovywa. Akaniangalia akasema, "Kijana wangu, mafuta umeongeza mara mbili, hukujiuliza yanaenda wapi?"

Hilo swali ndo mwongozo wenyewe. Mafuta ya breki hayaungui kama petroli na hayaliwi na injini kama oili, yamefungiwa ndani ya mfumo, yanatakiwa yabaki pale pale. Yakipungua kuna njia mbili tu, aidha pedi, zile zinazobana diski, zimelika na mafuta yameshuka chini kujaza nafasi, au kuna mahali yanavuja. Kabla hujafungua kichupa chochote tafuta jibu la hilo swali.

Ukiwa barabarani na taa imewaka

Usishtuke ukakanyaga breki ghafla. Ondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta, gusa breki kidogo usikie pedeli ikoje. Kama iko pale pale ilipo siku zote na gari inashika vizuri, washa hazadi, angalia kioo, ingia pembeni sehemu tambarare usimame. Kama pedeli imeenda chini kuliko kawaida, au laini kama unakanyaga sponji, au imekuwa ngumu kama jiwe, basi gari haiendi tena popote siku hiyo hata kama nyumbani ni hapo tu.

Ikitokea pedeli imezama kabisa, pampu haraka haraka mara kadhaa, mara nyingi presha kidogo inarudi. Hizi gari zina mikondo miwili ya breki, mkondo mmoja ukipasuka mwingine unabaki, kwa hiyo hata pedeli ikiwa chini kabisa endelea kukanyaga kwa nguvu, kuna nusu ya breki bado ipo ila itachukua umbali mrefu kusimama. Huku unapampu shusha gia. Kwenye otomatiki toa D peleka 3 au 2 au S kutegemea gari yako, spidi ikipungua ndo uweke L, usiruke moja kwa moja. Halafu hendibreki, ivute kidogo kidogo huku umebonyeza kitufe cha juu ili uweze kuiachia kama matairi ya nyuma yanaanza kuteleza. Ukiing'oa yote kwa mara moja gari inazunguka.

Vitu viwili usifanye. Usizime gari ukachomoa funguo wakati inatembea, steringi inakuwa nzito na inaweza kujiloki kabisa. Na usiweke neutro. Najua madereva wengi wanashuka Kitonga au Sekenke wameweka free wakiamini wanaokoa mafuta, lakini gari za sasa za injini za EFI ukishuka ndani ya gia umetoa mguu, kompyuta inakata petroli yenyewe, kwa hiyo hapo huokoi kitu na umejinyima breki ya injini ambayo ndo inayokusaidia.

Ukishasimama, anza na hendibreki

Taa hii hii ndo inayokuambia hendibreki iko juu. Ishushe mpaka mwisho kabisa, wakati mwingine inabaki imenyanyuka kidogo tu huwezi kuona kwa jicho. Premio, Allion na baadhi ya Noah hendibreki iko mguuni upande wa kushoto, kuna watu wanaazima gari hawajui wanaendesha nayo imekanyagwa mpaka nyuma kunanuka. Ivute na kuiachia mara mbili tatu uone taa inafanyaje. Kama inazimika, shida iko kwenye swichi ya hendibreki au waya wake wa kukaza, umepona kwa leo lakini mwambie fundi. Kama haizimiki endelea.

Angalia ni taa ngapi zimewaka na rangi gani

Hapa watu wanachanganya sana. Nyekundu peke yake, mafuta yamepungua au hendibreki. ABS ya njano peke yake, breki zako za kawaida zipo isipokuwa ule msaada wa kuzuia matairi kujiloki haupo, mara nyingi ni sensa ya tairi imechafuka au waya wake umekatika, hasa kama juzi juzi ulibadilisha bearing au shokapu. Unaweza kuendesha kwa adabu mpaka gereji, usikanyage kwa ghafla kwenye mvua.

Nyekundu na ABS zikiwaka pamoja hendibreki ikiwa chini, hiyo ni hatari zaidi. Maana yake hata ule mfumo unaogawa nguvu za breki kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa hauko kazini, ukikanyaga kwa nguvu matairi ya nyuma yanaweza kujiloki kabla ya mbele na mkia wa gari ukakupita. Hapo ita brekidauni.

Kwenye Toyota za zamani kidogo taa ya breki na ya betri zikiwaka pamoja, tena hafifu hafifu, fikiria alteneta kabla hujafungua tairi hata moja. Nimeona mtu amebadilishiwa masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli ya breki, kumbe alteneta ilikuwa haichaji.

Wenye Aqua, Prius na Fielder haibridi, zile za petroli na umeme, mnisikilize vizuri. Breki zenu zinaendeshwa na pampu ya umeme, ile sauti ya kuvuma mnayoisikia mkifungua mlango wa dereva ndo hiyo pampu inajaza presha. Mkianza kuisikia inavuma kila baada ya sekunde chache hata gari imesimama tu, presha inapotea ndani, na ikifika hatua ya taa nyekundu na mlio wa kupiga kelele mfululizo usiendeshe kabisa. Na usimruhusu fundi yeyote asiye na mashine ya kupima afungue huo mfumo, hata kutoa upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki) tu kunahitaji mashine.

Fungua boneti usome kikopo

Kikopo cha mafuta ya breki ni kile cha plastiki cheupe cha kuonyesha ndani, kiko nyuma ya injini upande wa dereva karibu na kioo. Kina mistari miwili, MAX na MIN. Gari iwe tambarare, kama umeegesha kwenye mteremko utasoma uongo. Kama plastiki imechafuka futa na kitambaa umulike na simu kwa nyuma, usifungue kifuniko kwa sababu tu ya kuangalia, kila kikifunguliwa mafuta yanakunywa unyevu wa hewani.

Mafuta yako chini ya MIN au pale pale kwenye mstari? Taa inasema kweli. Ndani ya kikopo kuna boya dogo, likishuka linaunganisha swichi na taa inawaka, ndo maana mafuta yakiwa yamekaribia MIN taa inawaka kwenye kona tu au ukifunga breki, mafuta yanalala upande mmoja boya linashuka. Hiyo ya kuwaka na kuzimika kwenye kona ndo dalili ya mwanzo kabisa, na ndo ile niliyoidharau mimi.

Mafuta yako juu na taa bado inawaka? Gonga kikopo pembeni taratibu na kidole, boya huwa linanasa. Bado? Chomoa ile plagi ndogo ya waya kwenye kikopo. Kwa Toyota nyingi taa ikizimika hapo ujue boya au swichi imekufa, isipozimika rudi kwenye swichi ya hendibreki au waya. Rudisha plagi ukimaliza, usiiache imechomolewa eti taa imezimika.

Tafuta yameenda wapi

Hapa ndo pa kutumia muda. Zunguka matairi yote manne uangalie upande wa ndani, ule unaotazama katikati ya gari. Mafuta ya breki yanateleza, ni mepesi kuliko oili ya injini, yanaacha michirizi kwenye ukuta wa tairi na kwenye rimu. IST na Vitz nyingi nyuma ni dramu, wilsilinda, ile silinda ndogo inayosukuma lainingi, ikivuja mafuta yanabaki ndani ya dramu muda mrefu kabla hujaona tone nje, kwangu ilikuwa hivyo. Angalia mipira ya breki ile inayokwenda kwenye matairi ya mbele, kama ina nyufa au imevimba kama puto hiyo ni ya kubadilisha leo. Angalia paipu za chuma chini ya gari hasa kwa wanaokaa Tanga, Dar, Zanzibar, Mombasa, chumvi ya bahari inakula paipu kimya kimya. Pia inua kapeti la dereva upapase juu ya pedeli, masta silinda ikivuja kwa nyuma mafuta yanaingia ndani ya gari. Na kama gari yako ni manyuo angalia na klachi, gari nyingine klachi inachota mafuta kwenye kikopo hicho hicho.

Ukikuta pote pakavu, geukia pedi. Pedi mpya ina unene wa milimita 10 hivi au zaidi, ikilika pistoni ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, inasogea nje na mafuta yanashuka kujaza nyuma yake. Mulika katikati ya matundu ya rimu, ukiona zimebaki milimita 3 badilisha. Ukisikia mlio mwembamba wa chuma unaokatakata masikio ukigusa breki, hicho ni kibati cha onyo kwenye pedi, kimewekwa makusudi. Angalia pedi ya ndani pia, hiyo ndo huwa inaisha kwanza pini za kalipa zikiganda na ndo hiyo ambayo kwa nje huioni.

Sasa umeona kwa nini kuongeza mafuta tu ni kujidanganya. Pedi zimeisha, umejaza mpaka MAX, taa imezimika, pedi zinaendelea kulika mpaka chuma kinakwangua diski na hakuna taa ya kukuambia. Halafu siku fundi anaweka pedi mpya anarudisha pistoni ndani, mafuta yanafurika yanamwagika kwenye bodi na kula rangi.

Pima pedeli

Gari imezimwa, pampu breki mara tano sita mpaka pedeli iwe ngumu, ishikilie hapo hapo, washa gari. Inatakiwa izame kidogo yenyewe. Isipozama, busta, inayokuongezea nguvu ukikanyaga breki, au mpira wake wa kunyonya hewa una shida. Halafu gari ikiwa inaunguruma kanyaga kwa nguvu ya kawaida ushikilie nusu dakika. Kama inazama taratibu kuelekea chini na huoni mvujo popote, masta silinda inapitisha ndani kwa ndani. Kama ni laini lakini inapanda ukipampu, kuna upepo. Mafuta hayashindiliki, upepo unashindilika, ndo maana ukikanyaga unasikia unakandamiza kitu kisicho na nguvu.

Kama kweli lazima uongeze ili ufike kwa fundi

Iwe tu pale ambapo hukuona mvujo na pedeli ni nzuri. Soma kifuniko, Toyota nyingi zimeandikwa DOT 3 au BF-3 ambayo ni daraja la Kijapani linalolingana nalo. DOT 4 unaweza kuweka kwenye gari ya DOT 3. DOT 5 usiguse, hiyo ni ya silikoni haichanganyiki na nyingine. Futa kifuniko kwanza vumbi lisiingie, tumia kichupa kipya kilichofungwa, kile kilichofunguliwa kikakaa kwenye buti miezi minne kimeshanyonya maji. Jaza mpaka juu kidogo ya MIN tu, usifike MAX, ili uone kama yanashuka tena. Yakimwagika kwenye rangi osha na maji mengi hapo hapo.

Usiweke oili ya injini, usiweke mafuta ya pawa steringi. Hizo zinavimbisha mipira yote ya ndani na utabadilisha masta silinda, wilsilinda, kalipa, kila kitu. Na kuna wanaoshauri maji ya sabuni ukikwama porini. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia 205 na hata ikishanyonya unyevu bado ni kama 140. Kwenye mteremko breki zinapata moto kuzidi hizo 100 kirahisi sana, maji yakichemka yanageuka mvuke na pedeli inaenda sakafuni.

Kuipeleka gereji

Gari isiyo na breki usiivute kwa kamba. Wa mbele akifunga breki wewe utasimamia wapi? Ita brekidauni ya kubeba, au mlete fundi hapo gari ilipo. Weka triango nyuma mbali vya kutosha na jiwe kwenye tairi, ila ukiondoka liondoe hilo jiwe barabarani, linaua wenzako wa pikipiki usiku.

Ukifika kwa fundi kaa naye, usiende kunywa chai. Pedi zinabadilishwa pande zote mbili za ekseli moja kwa pamoja, kulia na kushoto, ukibadilisha upande mmoja gari itavuta. Lainingi au pedi iliyolowa mafuta haioshwi na petroli ikapigwa msasa ikarudi, inatupwa, nishaona mafundi wengi wanafanya hivyo na naomba kwa dhati mkatae, mafuta yameshazama ndani na zikipata moto yanatoka tena. Mafuta yaliyotolewa wakati wa kutoa upepo hayarudishwi kwenye kikopo hata kama yanaonekana masafi. Kama mafuta yako ni meusi kama soda, badilisha yote, kwa kawaida ni kila miaka 2. Pedi zikishafungwa pampu pedeli mpaka iwe ngumu KABLA gari haijasogea, ukisahau hilo unagonga ukuta wa gereji. Kilomita 200 au 300 za mwanzo usifunge breki kwa nguvu kama huna sababu, zinahitaji kukaa na diski.

Kitu kingine mwangalie fundi asiue taa. Wapo wanaochomoa balbu au kukata waya mteja afurahi. Kipimo ni rahisi, hendibreki iwe chini, weka swichi ON bila kuwasha gari, taa ya breki na ya ABS lazima ziwake zenyewe, halafu ukiwasha gari zizimike. Isiyowaka kabisa imeuliwa. Ukienda kununua gari mkononi kwa mtu anza na hicho kabla hata ya kuangalia injini.

Na taa ikiwa haijawaka usijiamini sana. Breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu, unasikia harufu ya kuungua na pedeli inalegea, hakuna taa itakayowaka kwa sababu mafuta hayajapungua. Simama, subiri nusu saa zipoe zenyewe, usimwagie maji diski zitapinda au kupasuka. Halafu shuka na gia ndogo.

Baada ya matengenezo chukua kalamu ya maka, chora kamstari kwenye kikopo pale mafuta yalipofika uandike na tarehe, angalia kila asubuhi kwa wiki mbili kabla ya kuwasha gari. Changu fundi wa Mombo alikichora kwa msumari, na mpaka leo mafuta yako pale pale kwenye ule mkwaruzo.